Mlima Haurudishi Mtu

Katika ukumbi wa michezo ya televisheni wa Musonoi nimewahi kuona mtu akivunjwa kidole kwa ajili ya joka, na mwingine akimwagiwa chai ya moto kwa sababu alisema malkia wa barafu hawezi kuzaa. Kwa hiyo Jumapili ile walipoanza kupigania habari za mpiganaji wa nyundo, kama amekufa au yu hai, sikuinuka mara moja. Nilikuwa na simu za watu kwenye umeme, na picha za mteja zilikuwa zikitoka kwenye mashine. Niliinuka niliposikia mtu anapiga bidoni, dumu la plastiki.

Nieleze kwanza mahali na watu, ndipo bidoni ieleweke.

Kibanda changu kimeegemea ukumbi huo. Ukuta wetu ni mmoja, wa mbao, na jenereta yetu ni moja. Mimi hukaa Dilala, katika nyumba ya zamani ya kampuni ya madini aliyotuachia baba, na kila asubuhi hupanda pikipiki kuja Musonoi kuchaji simu na kupiga picha za kitambulisho. Wateja wangu wakubwa ni wachimbaji wa mkono. Simu zao hufa haraka kwa sababu shimoni wanazitumia kama taa. Wakizisubiri zijae, huingia kwa jirani kucheza. Ubao mmoja wa ukuta uling'oka zamani, na kupitia nafasi hiyo naona televisheni, mabenchi, na mgongo wa mama mwenye ukumbi.

Mama huyo ni mjane, mfupi, mwenye mikono minene. Karibu yake huweka mwiko mkubwa wa kusongea bukari, ugali wetu, na kazi ya mwiko huo si bukari. Sheria yake ni moja tu: chuma cha kuchimbia kinabaki nje ya mlango. Ngumi zinaruhusiwa kuingia.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa falme, wachawi na majoka. Maandishi yake yote ni ya Kiingereza, na sisi hapa tuna Kifaransa cha shule, Kiswahili, na lugha za nyumbani. Ndiyo maana ukumbi ulikuwa na mfasiri. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya nje ya ukumbi, ambaye ujanani alikuwa msaidizi wa dereva kwenye malori yanayokwenda Zambia na akaokota Kiingereza njiani. Sauti ya televisheni ilizimwa. Yeye alisimama kando ya kioo, bidoni ya njano kati ya magoti, mkononi kipande cha bomba la mpira. Kila pigo lililotua kwenye kioo, lilitua pia kwenye bidoni.

"Anamupiga ku mbavu! Mifupa inavunjika sawa kuni ya kukauka! Ule mutu anamulomba: Tata, niache, niko na batoto! Mwenye nyundo anajibu: Batoto yako nitabalea mi mwenyewe! Paa!"

Na ukumbi mzima ulipiga kelele, na nilicheka peke yangu kibandani.

Pale Kiingereza kilipomshinda, aliendelea na Kiswahili peke yake. Kila mtu alijua hivyo na hakuna aliyelalamika. Nadhani hadithi iliyojulikana Musonoi haikujulikana mahali pengine popote duniani. Ilikuwa na sheria zake, na vijana walizishika kuliko katekisimu. Joka halili mtu aliyefunga. Mchawi akivuka mto anasahau jina la mama yake. Na kubwa kuliko zote: mlima haurudishi mtu. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo, baba wa yule mwanamke mchawi alimezwa na mlima, na bintiye akalia mwaka mzima mlangoni pake. Mfasiri alitamka sheria hiyo siku hiyo, akipiga bidoni polepole, na tangu hapo ikawa hivyo.

Mfasiri alikuwa na mdogo wake, mchimbaji. Huyo hakucheza na mwingine ila mpiganaji wa nyundo, jitu lenye alama ya moto kwenye shavu la kushoto. Kifaa cha kuchezea, kile kinachoshikwa kwa mikono miwili, kwetu huitwa maneti. Maneti yake alikuwa ameifunga mpira wa baiskeli ili isiteleze, maana viganja vyake vilikuwa vimejaa vidonda vya kazi. Hakuna mtu aliyewahi kumshinda. Wengine walipigwa mpaka wakatupa maneti chini, wakala mwiko wa mama kwa kosa hilo, wakarudi kupigwa tena.

Alichimba kwenye machimbo yaitwayo Mashamba, katika timu moja na kijana aliyetoka Manono. Wawili hao walilala chumba kimoja na kuvaa suruali za kubadilishana. Huyo mtu wa Manono ndiye aliyepiga bidoni siku ninayoieleza.

Shimo lilianguka wakati wa mvua. Sikuwapo. Haya niliyaandika kichwani kutoka kwa watu wa timu. Nilimuuliza kila mmoja peke yake alipokuja kuchaji simu, na maneno yao yalipatana isipokuwa kwenye jambo moja. Ukuta wa udongo uliteremka na kumfunika mdogo wa mfasiri chini kabisa. Wenzake walichimba kwa mikono, kwa sababu chuma kingeweza kumtoboa. Walipofika kina cha kifua, ukuta ukashuka tena na kumbana mmoja wao mguu. Walimvuta huku akipiga mayowe. Mguu ulitoka, lakini mfupa wa muundi ulikuwa umechungulia nje ya ngozi, mweupe, na matope yalikuwa yameingia ndani ya nyama.

Hapo wakamtuma mwenye pikipiki kumleta kaka yake. Wachimbaji wa kwetu wana desturi: aliyefukiwa haachwi mpaka mtu wa damu yake aseme. Timu haina ruhusa, mwenye shimo hana ruhusa. Mfasiri alifika amelowa. Akamtazama yule wa mguu, akatazama juu, ambako ufa mwingine ulikuwa unafunguka kwenye ukuta. Wakamuuliza, wakimwita kaka: "Yaya, tuendelee ao tuache?"

Akasema: "Muache."

Lile jambo moja lisilopatana ni hili. Mtu wa Manono alisema kwamba wakati kaka anatamka neno hilo, chini ya udongo kulikuwa na mtu anayepiga bidoni. Mle shimoni walikuwa na bidoni ya maji, ya njano, kama ile ya ukumbini. Wengine wote walisema walichosikia ni mvua. Ukuta ulishuka mara ya tatu kabla hawajamaliza kubishana, na baada ya hapo hapakuwa na shimo la kubishania.

Kilio kilikaliwa Musonoi, bila mwili. Kilikuwa kilio kibaya. Vijana wa timu walikunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi, wakavunja ua wa jirani wapate kuni, wakampiga mnunuzi wa madini aliyekuja kutoa pole kwa sababu tu viatu vyake vilikuwa safi. Wazee wa ukoo walileta shina la mgomba, walivishe nguo za marehemu na kulizika mahali pake. Mama yake alilitazama lile shina.

"Mi sikuzala mugomba," alisema.

Mzee mmoja akaanza kumweleza desturi. Mama akachukua kisu cha jikoni na kulikata shina vipande vipande mbele yao, maji yake yakimrukia usoni, na kila aliyemkaribia alirudi nyuma. Basi hapakuwa na maziko. Kilio kilivunjika bila kwisha, na watu walirudi kwao kama waliofukuzwa.

Jumapili iliyofuata baada ya misa, timu ilikuja ukumbini kumalizia sehemu ya pili ya mchezo, ambayo marehemu alikuwa ameifikisha karibu na mwisho. Mtu wa Manono alicheza kwa maneti ya rafiki yake. Mwishoni mpiganaji wa nyundo alibaki peke yake katika ngome iliyochongwa ndani ya mlima, akishikilia lango ili wenzake watoke. Nyundo ikavunjika. Mlima ukaanguka, kioo kikawa cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza ukatokea na kupotea.

Mfasiri hakuwa na bidoni siku ile. Alikuwa ameisukuma chini ya benchi, na tangu hapo alipiga kiganja chake badala yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, akiangalia kioo cheusi:

"Amekufa. Jiwe ya kwanza njo ilimuua. Hakungojea. Hakusikia baridi."

Hakuna aliyefikiri anasema habari za mchezo. Wanaume waliovunja watu meno walilia kama wametobolewa. Mama yake aliitwa. Alisimuliwa namna mtu alivyoshikilia lango na namna jiwe la kwanza lilivyomuua, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba apewe ile maneti. Akaunusa mpira wa baiskeli. Ulikuwa na jasho la mwanawe.

"Hii, ndiyo," alisema. "Hii njo nitazika."

Waliizika nyuma ya ukumbi, kwenye ukingo wa ua, wakasimamisha msalaba wa mbao. Mama alikuja kupafagia. Na tangu siku ile hakuna aliyemchagua tena mpiganaji wa nyundo. Mgeni mmoja aliyemchagua kwa kutojua alitolewa nje kwa miguu, kichwa kikigonga kizingiti.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa mpaka mama mwenye ukumbi alipoletewa sehemu ya tatu kutoka Lubumbashi.

Watu walijaa mpaka mlangoni. Picha ya kwanza ilikuwa theluji. Katika theluji jitu lilitembea, mgongo kwetu, nyundo begani, nyundo nzima. Likageuka. Shavu la kushoto lilikuwa na alama ya moto.

"Njo yeye!" wengine wakapaza sauti kwamba ndiye.

"Haina yeye!" wengine wakakataa kwamba siye.

"Angalia shavu, mujinga! Shavu!"

"Yaya, sema! Fasiri!"

Mfasiri alisimama kando ya kioo, mikono chini. Dereva mmoja wa pikipiki, bingwa wa kubishana, akapanda juu ya benchi.

"We mwenyewe ulitufundisha," alisema. "Mulima hairudishe mutu. Ule bibi mulozi alilia mwaka muzima, hata kiatu ya baba yake hakurudishiwa. Sasa uyu alitokea mulango gani?"

"Alipitia Kasumbalesa, bila karatasi!" mtu akajibu nyuma, akitaja mpaka wa kwenda Zambia, na ukumbi ukacheka.

"Na nyundo? Si ilivunjika?"

"Aliipeleka kwa soda, kule banachomelea chuma, banaiunga."

"Benye kutengeneza muchezo banatafuta makuta tu, feza. Mufu mwenye anauza, banamufufua. We ungeuza, tungekufufua pia, lakini we hata muzima hauuze."

Yule aliyetaniwa akarusha kofi, akapata la kwake, na mama mwenye ukumbi akainua mwiko. Mpaka hapo ilikuwa Jumapili kama nyingine. Nikarudi kwenye picha zangu.

Ndipo mtu wa Manono aliposimama. Tangu shimo lile alikuwa amekonda, na kwenye kazi walisema hashuki tena chini ila anabaki juu kuvuta kamba.

"Mutu mwenye hakukufa hafufuke," alisema. "Anatoka tu."

"Kaa chini," mfasiri akasema.

"Mi njo nilicheza ile siku. Macho yangu ilikuwa ku televizio. Mulima ilianguka, kisha giza. Nani aliona mwili? Muchezo haikusema amekufa. We njo ulisema."

"Nakuambia kaa."

"Ulimufungia mulango angali muzima."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyekuwa ukumbini asiyejua ni mlango gani. Mtu wa Manono akainama, akaivuta ile bidoni chini ya benchi, imejaa vumbi na utando wa buibui, akaipiga kwa ngumi. Akangoja. Akaipiga tena. Hiyo ndiyo sauti niliyoinukia.

"Munasikia? Njo vile alikuwa anapiga. Njo hivi. Na we ulisema: muache."

Mfasiri alichukua benchi. Nilimwona akiliinua kwa mikono miwili na watu wawili bado wamelikalia upande wa pili wakianguka. Lilimpata mtu wa Manono begani na kumtupa juu ya watu. Baada ya hapo sikuweza kuona vizuri, kwa sababu mgongo wa mtu ulipigizwa ukutani mwangu na simu zikamwagika. Wengine walimpigania mfasiri na wengine mtu wa Manono, na wengine, nina hakika, walipigania tu sheria ya mlima. Dereva wa pikipiki alikuwa amemkaba mtu shingo akimfokea sikioni, "Hairudishe! Sema hairudishe!" na yule, macho yamemtoka, alitikisa kichwa kukataa. Mtu alitapika damu na jino. Mama mwenye ukumbi aliilalia televisheni kama kuku anayefunika vifaranga, na kwa mkono mmoja alipiga mwiko kila kichwa kilichokaribia, wa upande wowote.

Mtu wa Manono alitoka mlangoni akitambaa. Vyuma vya kuchimbia vilikuwa vimeegemezwa pale nje kama desturi. Akachukua kimoja, mtarimbo mrefu, akazunguka ukumbi. Nami nilizunguka kwa upande wangu.

Mvua ilikuwa imeanza. Pigo la kwanza lilivunja msalaba. La pili liliingia kwenye udongo mpaka nusu, na akaanza kuchimba kama anavyochimba mtu anayesikia pumzi chini, haraka, akisema peke yake: "Nakuja, ndugu yangu, niko hapa, nakuja." Mfasiri alitokea pembeni na hakumshika. Alijitupa juu ya kaburi kifudifudi, uso umegeuka upande. Mtarimbo ulikuwa tayari unashuka.

Ulimpita kichwa ukapasua shavu. Niliona ngozi ikifunguka kutoka chini ya jicho mpaka karibu na kidevu, shavu la kushoto, na ndani yake meno. Kisha damu ikafunika yote. Mtu wa Manono aliuachia mtarimbo ukaanguka, akabaki amesimama na mikono mitupu. Walitoka wengine, wakamrukia, wakampiga mateke pale kwenye matope mpaka akaacha kujikinga. Nilipiga kelele. Sidhani kama kuna aliyenisikia.

Aliyesikilizwa ni mama wa mfasiri na marehemu. Nyumba yake haikuwa mbali, na makelele ya Musonoi hufika kila mahali. Alikuja na ufagio mkononi, kitenge kimelowa. Mateke yakakoma.

"Munachimbua mutoto yangu?" aliuliza.

Mwisho dereva wa pikipiki, mdomo umevimba, akasema akiangalia chini: "Mama, ku muchezo... mwenye nyundo amerudi. Eko muzima. Njo tunagombana."

Mama alimtazama mwanawe aliyelala juu ya kaburi na shavu lake lililofunguka. Nilidhani atapiga magoti kumshika. Hakufanya hivyo.

"Ulinifasiria siku ile, nikazika," alimwambia. "Leo unifasirie tena. Njo yeye, ao haina yeye?"

Waliingia ndani. Mama mwenye ukumbi alimkalisha mfasiri, akammwagia lutuku kwenye jeraha, naye alitoa sauti ambayo ng'ombe hutoa kisu kikiingia. Wakampa kitambaa akandamize. Mama yake alikaa benchi la mbele, ufagio magotini. Mtu wa Manono walimburuta wakamwacha kwenye kizingiti, nusu ndani, nusu mvuani. Hakukimbia. Mimi nilibaki nimesimama nyuma yake, kwa sababu ugomvi ulikuwa umeuangusha ukuta wa kibanda changu.

Picha ikarudishwa mwanzo. Theluji, mgongo, nyundo. Jitu likageuka.

Nilifahamu, na kila mtu pale alifahamu, kilichokuwa kikiamuliwa. Kama ni yeye, basi mtu anaweza kutoka mlimani, basi palikuwa na mtu wa kutolewa, na neno "muache" lilikuwa jiwe la mwisho. Na mama alizika mpira wa baiskeli bure.

Mfasiri alisema kwa shida, maneno yakitoka na damu.

"Haina yeye. Yeye alikufa. Mulima hairudishe mutu. Uyu iko ndugu yake. Kilio iliisha, bazee bakakaa, bakamulomba arithi. Alichukua jina, alichukua nyundo. Njo kisa anatembea peke yake: bale balikuwa barafiki ya mufu, hapana barafiki yake. Bado habamujue."

Watu walitazamana. Jambo hilo tunalo sisi wenyewe: mtu akifa, ndugu hurithi jina lake, na toka siku hiyo huitwa kwa jina hilo, hata watoto wa marehemu humwita baba. Mzee mmoja akaguna kukubali. Lakini dereva wa pikipiki hakuwa mtu wa kuacha shimo bila kuliziba.

"Yaya, unisamehe," alisema. "Jina anarithi, sawa. Nyundo, sawa. Na ile alama? Moto ilichoma ule mufu. Ndugu yake, mudogo ao mukubwa, shavu yake itatoka wapi na alama ile ile?"

Mfasiri alikiondoa kitambaa. Jeraha lilifunguka tena, kutoka jichoni mpaka kidevuni, kushoto, na damu ikashuka shingoni ikaingia ndani ya shati.

"Alama hakuna mwenye anazaliwa nayo," alisema. "Mutu anapigwa nayo."

Dereva akainamisha kichwa kukubali. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada.

"Basi acheze," mama yake akasema. "Kama alirithi, acheze. Mi naangalia."

Mtu akamwekea maneti mkononi. Ndipo ilipodhihirika kwamba katika miaka yote ya kusimulia mapigo, mfasiri hakuwa amewahi kupiga hata moja. Aliishika kama anavyoshika mtu sahani ya moto. Jitu kwenye theluji lilikwenda likagonga mti, likabaki linatembea palepale.

"Geuka, Yaya! Kushoto!"

"Ile ya chini! Finya ile ya chini!"

Mbwa mwitu wa theluji alitokea, mnyama mdogo ambaye hata wateja wangu wa mara ya kwanza humuua wakicheka. Alimrukia jitu kifuani na kulirarua koo. Theluji ikawa nyekundu. Picha ikaanza upya. Jitu likakutana na mti, kisha na mbwa, mbwa akalirarua. Mara ya tatu lilirusha nyundo hewani, likageuka kuitafuta, likaumwa kwa nyuma. Damu ya shavu ilidondoka kwenye maneti na vidole vyake vikateleza juu ya vitufe. Watu walianza kucheka, kwanza puani, kisha wakashindwa kujizuia, wakicheka na midomo iliyopasuka, wakishika mbavu zilizopigwa teke.

Kutoka kizingitini mtu wa Manono aliinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limefungika. Kwa lile lingine alimtazama mbwa mwitu akimrarua mpiganaji wa nyundo mara ya nne, na midomo yake ikaanza kutetemeka, nisijue kama ni kicheko.

"Haina yeye," alisema.

Hakuna aliyemsikia vizuri. Akajivuta ndani kidogo, akasema kwa nguvu, akilia, ukumbi mzima ukageuka:

"Haina yeye. Yeye hangekufa na imbwa."

Mfasiri hakugeuka. Alibaki akifinya vitufe, na jitu likagonga mti tena. Mama yake alitazama kidogo zaidi. Kisha akasimama, akafunga kitenge, akachukua ufagio wake, akamruka mtu wa Manono pale kizingitini na kutoka kwenda kurudisha udongo kaburini.